Riwaya Niliyoisifia Nikiwa Ukurasa wa 40

Alhamisi iliyopita, saa nne usiku, nilikuwa naanika sare za watoto sebuleni kwa sababu mvua haikuwa imekatika tangu asubuhi. Ujumbe ukaingia. Ni binti mmoja, msomaji wangu wa siku nyingi, ila hajawahi kuniandikia. Nauweka hapa kwa ruhusa yake:

"Shikamoo dada. Samahani kwa usumbufu. Rafiki yangu wa karibu anaandika riwaya, ya binti anayependwa na jini. Anairusha kwenye grupu kila jioni, sasa yuko sehemu ya 31. Mimi nimekwama sehemu ya 9, wiki ya tatu hii. Kila siku ananiuliza umefika wapi, unaionaje. Namjibu 'kali sana'. Dada, nitamjibu kali sana mpaka lini?"

Nikacheka peke yangu. Nikaiweka simu juu ya friji, nikaendelea kuanika. Kufika soksi ya pili kicheko kikanikauka. Nikakaa kwenye mkono wa kochi na ile soksi mkononi, kama mtu aliyekumbushwa deni.

Nyinyi mnaonifuata mnanijua kama dada asiyepepesa macho. Riwaya ikiwa mbovu nasema, ikiwa nzuri nasema, iwe ya mapenzi au ya majini, ya hapa kwetu au ya Ulaya. Siku hizi watu wananitumia miswada, wengine wananiita mwalimu, na sitajifanya kwamba sipendi. Napenda. Lakini huu ukweli ninaosifiwa una gharama yake, na sehemu kubwa ya hiyo gharama walilipa watu wengine. Sijawahi kuieleza. Leo naieleza.

Nianze na shosti wangu. Simtaji jina, akipita hapa atajijua.

Tulikuwa bweni moja, kitanda kimoja cha deka, yeye juu mimi chini. Enzi hizo vile vitabu vyembamba vya mapenzi vya Mills & Boon, kampuni iliyoanzia London mwaka 1908, vilikuwa vinatufikia vikiwa vimeshapita mikono ya wasichana ishirini. Tulivivalisha jalada la daftari la Jiografia ili matroni asishtuke. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza, lakini kifua cha mwanamume hakihitaji kamusi. Tatizo lilikuwa moja tu: karibu kila kitabu kilikuja bila kurasa za mwisho. Zimechanika, zimefungiwa karanga, hatujui. Tajiri wa Kigiriki kasimama mlangoni, binti kashika begi, basi, kitabu kimeishia hapo.

Hapo ndipo shosti alipoingia kazini. Taa zikizimwa, anatunga mwisho. "Hadithi hadithi!" Nasi kumi na wawili gizani: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Anatunga. Yule Mgiriki anageuka mtoto wa mfalme wa chini ya bahari, mara ana pete inayoongea, mara kachumbiwa na jini. Mapenzi na maajabu kwenye sufuria moja, miaka mingi kabla sijajua kwamba huko duniani kuna watu wanatajirika kwa mchanganyiko huo huo. Na akikosea hatukumwachia hata kidogo. "Aaa, hapo umetupiga! Juzi ulisema kafilisika, leo gari kalitoa wapi?" Anacheka, anarudi nyuma, anarekebisha, tunaendelea. Hakuna aliyenuna. Uongo tuliukaribisha wenyewe kwa midomo yetu. Tulichodai ni ukolee.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na sijawahi kuwa msomaji mkweli kama nilivyokuwa wakati ule.

Miaka kumi na nane baadaye, tukiwa mama wa watoto, shosti akaniletea mswada wake. Kurasa mia moja themanini na kitu, umetobolewa pembeni na kuingizwa waya, umefungwa ndani ya kanga. Akaniambia, "Wewe ndiye wa kwanza. Soma, uniambie ukweli kama kule bwenini." Nikamwambia usijali.

Nilikwama ukurasa wa 40.

Niseme kwa haki, haikuwa mbaya. Ilinichosha. Shujaa ana miaka ishirini na nane na kampuni tatu, na hatuambiwi hata moja inauza nini. Binti anajikwaa mbele yake siku ya kwanza, anadakwa. Anajikwaa siku ya pili, anadakwa. Ukurasa wa 38 anamwona bwana kakumbatiana na mwanamke mwingine, anakimbilia Mwanza bila kuuliza, na wewe msomaji unajua fika kwamba yule ni dada yake. Vocha ya mia tano ingemaliza riwaya nzima. Nikaufunga mswada, nikasema nitaendelea kesho. Kesho ikawa na mambo yake.

Siku alipokuja kuuchukua alikuja na maandazi kwenye hotipoti. Tukaongea ya watoto, ya kupanda kwa mafuta ya kula. Mlangoni, kashika viatu mkononi, akaniuliza bila kunitazama, "Sasa nichapishe?"

Ningeweza kusema nimeishia 40. Maneno mawili tu. Badala yake nikasema, "Chapisha mama, iko vizuri kabisa."

Akachapisha nakala 300, kwa hela ya mchezo. Zamu yake ilikuwa imefika, na ile hela alikuwa ameipangia mabati. Siku ya uzinduzi kulikuwa na soda na sambusa, nikasimama nikahutubia. Nakala yangu aliisaini: "Kwa msomaji wangu wa kwanza." Usiku ule nikaandika hapa, kwa herufi kubwa, kwamba hiyo ni riwaya ya mwaka na kwamba sikuiweka chini. Ni kweli sikuiweka chini. Niliiweka juu ya jagi la maji ya kunywa, kuzuia mainzi. Mpaka leo jalada lina duara la jagi.

Wiki tatu mbele, mama mmoja fundi cherehani wa Dodoma akaniandikia. Alikuwa ameinunua shilingi 8,000 na kulipia 3,000 ya kutumiwa kwa basi, kwa sababu ya maneno yangu. Aliuliza kwa upole kabisa: "Dada yangu, hebu nisaidie. Yule mama mkwe aliyekufa sura ya tatu na kuzikwa, sura ya saba amefufukaje?"

Sura ya tatu nilikuwa nimeisoma, mazishi nilikuwa nayakumbuka. Sura ya saba sikuwa nimefika. Nikajibu haraka, kwa kujiamini: "Nadhani pale ni ndoto."

Akanijibu: "Hapana dada. Anapika pilau."

Halafu akaongeza: "Uliisoma kweli?"

Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu. Mama, kama unasoma hapa, jibu ni hapana, na elfu kumi na moja yako unanidai.

Lakini yeye alikuwa ameshamwandikia na shosti pia. Shosti alikuja nyumbani jioni ya Jumapili. Hakukaa. Hakupiga kelele, na ndiyo iliyoniuma zaidi, maana kule bwenini alikuwa mpiga kelele namba moja. Alisema: "Lile kosa lingefutika kwa kalamu. Mswada ulikuwa kwako miezi miwili. Umeniona natembea na sketi imechanika nyuma, ukaniambia nimependeza." Akaniambia nakala 216 ziko chini ya kitanda chake, kwenye maboksi, na kila akifagia ufagio unazigonga.

Tangu hapo tumeonana mara tatu, zote kwenye shughuli za watu. Tunasalimiana vizuri. Anaulizia watoto. Yale masalamu ya heshima ni mazito kuliko matusi, nyie acheni.

Sasa mngetegemea kwamba baada ya aibu ile nikawa msomaji mwema. Wapi. Nikahamia upande wa pili. Nikajiapiza kwamba sitasifia tena kitu cha mtu. Ikawa sifa yangu ni kuponda. Na nikagundua jambo ambalo kila mwenye ukurasa analijua ila hasemi: kuponda kunalipa. Ukisifia riwaya wanasoma arobaini. Ukiichana, wanakuja elfu mbili na viti vyao.

Kulikuwa na kijana anaandika simulizi ya maajabu kwenye mtandao, ya ufalme ulioko chini ya Ziwa Nyasa. Mnaijua mitindo ya simulizi hizi. Inaanza na "ILIPOISHIA", inamalizia na "Ghafla mlango ukafunguliwa na… ITAENDELEA". Mimi nimeshahesabu milango iliyofunguliwa ghafla kwenye simulizi za Kiswahili, inatosha kujenga mtaa. Basi huyu kijana askari wake walikuwa wanapanda mamba, na binti mfalme alikuwa na taa ndani ya nywele. Nikaandika makala nzima ya kumcheka. Nikauliza mamba hao wanajaziwa mafuta kituo gani, na bili ya umeme ya nywele nani analipa. Watu walicheka wiki nzima. Kuna aliyetengeneza picha ya mamba kavaa kofia ya bodaboda.

Kijana aliishia sehemu ya 23. Hakuandika tena. Hakunijibu wala kunitukana. Alinyamaza tu, na ukurasa wake ukabaki na ile ITAENDELEA yake kama nguo iliyosahaulika kambani.

Na hapa ndipo penye aibu ambayo ni kubwa kuliko ya jagi. Zile sehemu 23 nilikuwa nimezisoma zote. Hakuna aliyenilazimisha. Alikuwa anaweka saa kumi na moja na nusu alfajiri na nilikuwa nimetega saa. Sehemu ya 17, yule binti anapozima taa ya nywele zake mwenyewe ili askari wasimwone, na kuizima ni kuupoteza ujana wake mwaka mmoja kila dakika, niliisoma kwenye daladala natoka Posta. Mimi nashukia Banana. Niliposhtuka konda anapigia kelele Gongo la Mboto, mwisho wa gari, shuka dada. Nikarudi kwa bodaboda, nikalipa elfu mbili, na nikiwa juu ya bodaboda nikaisoma tena.

Kitu kilichonipitisha vituo vyote vile, nikaja kukicheka mbele ya watu kwa sababu nilionea aibu kukipenda. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, mwenye shahada, analilia nywele za taa.

Kwa hiyo mara ya kwanza nilisifia nisichokisoma, mara ya pili nikaponda nisichoweza kukiacha. Mnaona? Ni uongo mmoja, umebadili kanga. Na mpaka leo sijui yule binti mfalme aliokoka au vipi, na nimejinyima mwenyewe.

Nilimwandikia kijana kumwomba radhi. Alinijibu kwa neno moja, "Poa." Nyie mnaojua vijana mnajua "poa" inaweza kuwa na mlango uliofungwa nyuma yake.

Baada ya hapo nilikaa kama mwaka bila kuandika juu ya kitabu chochote. Sina la kusimulia kuhusu mwaka huo. Nilichorudi nacho ni kaunta buku. Lile daftari kubwa la jalada gumu wanalotumia wenye maduka kuandika wakopaji. Ukurasa wa kushoto jina la kitabu, wa kulia naandika namba za kurasa na kilichonipata pale. Basi. Sikuandika nyota, wala alama kati ya kumi. Naandika: 12, nimesinzia. 57, nimeruka maelezo ya gauni. 103, nimepitiliza kituo. 140, nimekasirika nikaifunga, nikaifungua tena kabla chai haijapoa. Naandika pale pale, kwa kalamu ya mtoto kama yangu haionekani, kwa sababu ukisubiri mpaka mwisho unaanza kujipanga, na ukijipanga unadanganya.

Msidhani ni jambo dogo. Sisi wasomaji wa hapa tumeharibiwa na mtihani. Tumefundishwa "kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi", hoja nne huku, hoja nne kule, utangulizi na hitimisho. Nani aliwahi kupewa alama kwa kuandika "hapa nimechoka"? Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999, niliisoma kwanza kwa ajili ya mtihani, nikaandika ukoloni, ndoa za kulazimishwa, nafasi ya mwanamke, nikapata alama zangu nzuri. Miaka mingi baadaye nikaisoma na kaunta buku pembeni, na angalia nilichoandika: Denge amenikera. Msichana kama Yasmin, aliyeozwa mwanamume wa umri wa baba yake akakimbia, kavuka kuta zote za watu wake kwa ajili yako, na wewe akili yote iko kwenye mikutano ya siri na machapisho yaliyopigwa marufuku! Najua, najua, alikuwa anapigania nchi. Ndiyo maana inauma. Na nikaandika kwamba Mwajuma, yule rafiki wa mtaa wa Ng'ambo, Zanzibar, aliyempokea Yasmin, ndiye niliyetamani awe jirani yangu, na kila akiondoka ukurasani namsubiri arudi. Hayo hayakuwa kwenye mtihani. Lakini hayo ndiyo niliyosoma.

Au chukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, 1952. Kuna watu humu wananiandikia kwamba riwaya za maajabu ni mambo ya Wazungu na ramani zao za ukurasa wa kwanza. Jamani, 1952 Shaaban Robert alikuwa ameshatuwekea ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wamegeuzwa manyani, na ndugu yao anayewapenda analazimika kuwachapa kila usiku. Kila usiku! Kaunta buku langu linasema: Adili ni mwema mno, ananichosha, natamani siku moja atukane. Ndiyo, nimeandika hivyo juu ya Shaaban Robert na radi haikunipiga. Lakini mstari wa chini yake nimeandika: kile kipigo kimeninyima usingizi. Kwa sababu yale maajabu yana maumivu, na maumivu yanamwangukia asiye na kosa.

Mwaka jana mdogo wangu wa Arusha alinitumia Fourth Wing ya Rebecca Yarros, iliyotoka 2023, ile ya chuo cha kijeshi cha kupanda mijoka. Nikaanza kwa kuinua pua. Majina siyawezi hata kuyatamka, nikayaandika pembeni kama orodha ya waliochangia harusi. Bwana mwenyewe ni yule yule, macho ya giza, taya la jiwe, mkali kwa wote laini kwa mmoja. Huyo nimeshakutana naye tangu kwenye jalada la Jiografia. Kila akitokea nimeandika "huyu tena". Lakini yule binti, ambaye viungo vyake ni dhaifu, vinateguka hovyo, na bado anapanda juu ya ngozi ya joka, nilimwelewa kabisa, mimi ambaye goti langu la kushoto linajua mvua kabla ya mamlaka ya hali ya hewa. Nimelala saa tisa usiku, kazini nimekwenda na macho mekundu. Sasa ningeandika nini, kwamba ni kitabu cha watoto? Niliandika kwamba bwana amenichosha na goti limenigusa.

Mnaona ninavyofanya? Nambari ya ukurasa, na kilichokupata. Hiyo ndiyo mbinu yangu yote. Watu wananiuliza dada tupe mbinu, wanategemea niwape kumi. Sina kumi. Andika ulipochoka. Andika ulipopitiliza kituo. Ukiona umeandika "kali sana", futa, rudi kuandika ukurasa.

Na kwa kuwa nimeshapanda mimbari, niwaseme kidogo. Nyinyi wa "moto moto", "tunasubiri mwendelezo", "hapa ndipo nilipoachika", mioto mitatu, vikombe viwili vya kahawa. Yule mwandishi anaamka usiku watoto wamelala, anaandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka, halafu unamlipa kwa mioto mitatu? Hajui ulipofika. Hajui kama ulipofika ulikuwa unasoma au unasogeza kidole. Unamfanya aendelee kurudia kile kile, mlango ufunguliwe ghafla mpaka bawaba zing'oke, halafu siku akichapisha kitabu hununui, unasema waandishi wetu hawakui. Watakua na nini? Mche haukui kwa kupigiwa makofi.

Na nyinyi kaka zangu mnaopita na kusema mapenzi ni mambo ya wanawake, hayana fikra. Mmekua na Willy Gamba wa Elvis Musiba chini ya mto, mkisema mnasoma upelelezi, na Willy hakuwahi kukosa mrembo. Hayo hamkuyaita mapenzi. Mtu akisoma juu ya bastola ni fikra, akisoma juu ya moyo ni upuuzi. Haya. Sisi tunaosoma mapenzi tunajua bei ya moyo kuliko nyinyi mnavyojua bei ya risasi.

Nimetoka nje ya mada. Turudi kwa binti wa sehemu ya 9.

Nilimpigia simu, kwa sababu haya hayaandikiki vizuri. Nikamuuliza, sehemu ya 9 kunatokea nini? Akafikiri. Akasema, "Dada, hakuna kibaya. Jini anamletea nyumba. Sehemu ya 8 alimletea gari. Sehemu ya 7 alimponya mama yake." Nikamuuliza, na yeye jini anachukua nini? Kimya. "Hachukui kitu, dada. Anampenda."

Nikacheka, safari hii bila uchungu. Bibi yangu wa Pangani angeisimamisha hadithi hiyo pale pale. Pwani kila mtu amewahi kusikia ya jini mahaba, na hakuna anayesimulia kwamba analeta gari bure. Akikupenda, wachumba wanakukimbia bila sababu, ndoa hazikai, unanukia udi usiouchoma. Kitu kinaondoka. Hofu ya msomaji iko pale kwenye kinachoondoka, kama kipigo cha Adili, kama mwaka wa ujana wa yule binti wa ziwani. Nikamwambia, rafiki yako hajaandika vibaya. Kasahau tu kumtoza binti wake. Lakini usimwambie hivyo, hiyo ni hotuba yangu mimi. Mwambie: nimekwama sehemu ya 9, tangu nyumba ilipokuja sijaogopa tena.

Akauliza, "Akinuna?"

Nikamwambia anaweza kununa. Sikumdanganya. Nikamwambia kununa kwa sehemu ya 9 ni kwa wiki moja, kununa kwa nakala 300 sijaona mwisho wake.

Jumatatu aliniandikia. Alikuwa amemwambia. Rafiki alinyamaza siku mbili, halafu akampigia saa tano usiku kumuuliza: "Je, kama jini angechukua sauti yake?" Wamebishana mpaka saa saba. Sehemu ya 32 imeahirishwa, anaandika upya kuanzia ya 6. Kwenye grupu watu wanalalamika, wanataka mwendelezo. Nimejisikia fahari kama vile nimeandika mimi, niwe mkweli.

Lakini simu ya binti ilinifanya nishindwe kulitazama lile jagi. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, nikaitoa ile riwaya ya shosti. Nikapangusa jalada, duara halikutoka. Nikafungua pale nilipoishia kwenye mswada, nikaanza, kaunta buku pembeni. Binti alijikwaa tena mara mbili, nimeziandika. Dada yake bwana alitambulishwa kwenye sura ya kumi na tano, wote wakashangaa isipokuwa mimi. Nimeruka harusi. Lakini karibu na mwisho kuna ukurasa mmoja, binti karudi kwa mama yake usiku, mama hamuulizi kitu, anasogea tu kitandani kumpa nafasi ukutani, ule upande wenye joto, na binti anagundua kwamba kanga ya mama bado ina fundo lile lile la pembeni lenye nauli yake ya shule. Nililia. Jikoni, mikono ina mafuta. Ukurasa wa 171. Ulikuwa pale miaka mitatu, juu ya jagi langu.

Nikaupiga picha ule ukurasa, na mstari wangu wa kaunta buku chini yake: "171, nimelia." Nikamtumia, bila salamu, kwa sababu kila salamu niliyojaribu kuandika ilikuwa na kujitetea ndani yake.

Hakujibu siku ile. Juzi asubuhi nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi, ujumbe ukaingia.

"Mama mkwe umemwona?"

Nikamjibu: "Nimemwona. Pilau lenyewe halina hata bizari."

Akanitumia mstari mzima wa nyuso zinazocheka, halafu: "Pumbavu wewe."